Nani Aliyemuua Lord Erroll? Maoni ya Watazamaji kuhusu Filamu ya White Mischief na Mafunzo Yake kwa Juba

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna makundi mbalimbali ya watazamaji yalivyoipokea filamu ya White Mischief (1987), iliyotokana na kitabu cha James Fox kilichochapishwa mwaka 1982 kuhusu mauaji ya Lord Erroll yaliyotokea karibu na Nairobi mwezi Januari 1941. Kwa kuongozwa na nadharia ya upokezi ya Stuart Hall, makala inabainisha aina tatu za usomaji: usomaji tawala, usomaji wa maafikiano na usomaji pinzani. Data zimetokana na filamu, kitabu, mwenendo wa kesi unaofahamika na vitabu vilivyoandikwa baadaye juu ya mauaji hayo. Hoja kuu ni kwamba mgogoro wa watazamaji hauhusu tu nani alifyatua risasi, bali pia kifo cha nani huhesabiwa kuwa kinastahili kusimuliwa. Hoja hiyo inaletwa Juba, ambako sheria inawapa ndugu wa marehemu nafasi ya pekee katika kesi ya mauaji na ambako tasnia ya filamu ingali changa. Makala inahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Filamu za uhalifu wa kweli ni filamu zinazosimulia jinai iliyotokea, zikitumia majina, mahali na tarehe halisi au zinazokaribiana na uhalisi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni In Cold Blood ya Richard Brooks (1967), iliyotokana na kitabu cha Truman Capote kuhusu mauaji ya familia ya Clutter katika jimbo la Kansas, Marekani, mwaka 1959. Katika mfano huo wauaji walijulikana, walikiri na walinyongwa mwaka 1965. Mtazamaji haulizi nani aliua. Huuliza kwa nini.

Afrika Mashariki ina filamu yake katika kundi hili, nayo ina tabia tofauti. White Mischief, iliyoongozwa na Michael Radford, inasimulia mauaji ambayo mahakama haikumpata mtu yeyote na hatia. Kwa hiyo kila mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na kazi ya kufanya: kuamua. Uamuzi huo, kama makala hii itakavyoonesha, hutegemea sana mahali mtazamaji alipoketi katika historia.

Yapo mambo mawili yanayoifanya Juba iwe mahali pafaapo kuzungumzia filamu hii. Kwanza, Juba ilikuwa sehemu ya njia iliyobeba maisha yanayooneshwa ndani yake: katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilizotoka Cairo kwenda Nairobi na kusini zaidi zilitua hapa. Pili, Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, hivyo kumbukumbu za kanda hii, zenye kupendeza na zenye kuchoma, sasa ni mali yake pia.

2.0 Tukio, Kitabu na Filamu

Josslyn Hay, aliyekuwa na cheo cha kurithi cha Earl wa Erroll, alikuwa mwanachama wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya na ofisa wa jeshi wakati wa vita. Alihusishwa na kundi la walowezi wa bonde la Wanjohi lililojulikana kwa jina la Happy Valley, ambalo sifa yake ilikuwa ulevi, dawa za kulevya na kubadilishana wapenzi. Mwishoni mwa mwaka 1940 alianza uhusiano na Diana, mke mpya wa Sir Jock Delves Broughton, mtu aliyemzidi mkewe umri kwa miaka mingi.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1941 wote watatu walikula pamoja katika Klabu ya Muthaiga. Broughton alinyanyua glasi kuwatakia heri wapenzi hao. Erroll alimrejesha Diana nyumbani Karen baada ya usiku wa manane, kisha akaondoka. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 24, Waafrika wawili waliokuwa katika lori la maziwa waliikuta gari yake aina ya Buick kando ya barabara, karibu na makutano ya barabara ya Ngong, taa zikiwa bado zinawaka. Ndani yake alikuwamo Erroll, amepigwa risasi kichwani.

Broughton alikamatwa mwezi Machi na kesi ikaanza mwezi Mei mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan. Upande wa mashtaka ulitegemea risasi zilizookotwa katika shamba moja huko Nanyuki, ambako mshtakiwa alikuwa amefanya mazoezi ya kulenga shabaha. Ulidai kuwa zilitoka katika silaha ileile iliyoua. Wakili wake, Harry Morris kutoka Afrika Kusini, aliivunja hoja hiyo kwa swali la kitaalamu. Bastola zilizosajiliwa kwa jina la Broughton, ambazo yeye mwenyewe aliripoti kuwa zimeibwa siku chache kabla ya mauaji, zilikuwa aina ya Colt. Mtutu wa Colt una mifuo sita inayozunguka kushoto. Risasi zilizoua zilikuwa na alama za mifuo mitano inayozunguka kulia. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton aliachiwa huru. Mwezi Desemba 1942 alifariki Liverpool, Uingereza, baada ya kutumia mofini kupita kiasi.

Mwaka 1969 mwandishi Cyril Connolly na kijana James Fox waliichunguza upya kesi hiyo kwa ajili ya jarida la gazeti la Sunday Times. Connolly alipofariki, Fox aliendelea peke yake na kukichapisha kitabu mwaka 1982. Kitabu ni cha uchunguzi: kinapima ushahidi, kinawatafuta waliokuwa hai, na kinaelekeza kidole kwa Broughton. Filamu, ikiwa na Joss Ackland kama Broughton, Greta Scacchi kama Diana na Charles Dance kama Erroll, inageuza uchunguzi huo kuwa tanzia ya mapenzi. Mpelelezi wa kitabu ametoweka. Kilichobaki ni wivu, mandhari na mavazi. Hata kifo cha Broughton kimehamishwa: filamu inamfanya ajiue kwa risasi huko huko Kenya. Badiliko hilo si dogo. Linampa mtazamaji hukumu ambayo mahakama haikuitoa.

3.0 Msingi wa Nadharia

Stuart Hall, katika makala yake ya mwaka 1973 kuhusu usimbaji na usimbuaji wa ujumbe wa televisheni, alieleza kwamba ujumbe haumfikii mtazamaji kama maji yamiminwavyo katika mtungi. Mtazamaji hushiriki kuutengeneza. Anaweza kuupokea kama ulivyokusudiwa, na huo ni usomaji tawala. Anaweza kuukubali kwa ujumla huku akibishana na sehemu zake, na huo ni usomaji wa maafikiano. Au anaweza kuusoma kwa kinyume cha makusudio, na huo ni usomaji pinzani.

Nadharia hii inafaa kwa filamu ya uhalifu wa kweli kwa sababu filamu ya namna hiyo hutoa madai mawili kwa wakati mmoja: kwamba ni hadithi na kwamba ni kweli. Mtazamaji anaweza kulikubali dai moja na kulikataa la pili.

4.0 Maoni ya Watazamaji

4.1 Usomaji Tawala: Fumbo na Fahari

Usomaji ambao filamu yenyewe inauelekeza ni ule wa fumbo lililovikwa fahari. Mtazamaji anaalikwa kustaajabia uzuri wa nchi, ubaridi wa watu waliochoshwa na starehe, na mwisho mbaya unaowafika. Jina la kitabu na filamu linachangia. Linachezea jina la riwaya ya Evelyn Waugh ya mwaka 1932, Black Mischief, na katika Kiswahili lingeweza kufasiriwa kuwa "Utundu wa Wazungu". Utundu ni neno tunalolitumia kwa mtoto aliyevunja kikombe. Kulitumia kwa mauaji, na kwa maisha ya jamii iliyokalia ardhi ya watu wengine, ni kumwandaa mtazamaji atabasamu kabla hajaanza kutazama.

Itakuwa si haki, hata hivyo, kusema kwamba filamu inawasifu wahusika wake. Radford anawaonesha walowezi kama watu waliooza, na watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani wameiona kuwa ni shutuma dhidi ya tabaka hilo. Swali ni kama shutuma hiyo inavuka mipaka ya chumba cha kulia. Mtu anaweza kuwachukia watu hawa kwa ulevi wao bila kujiuliza hata mara moja walilipataje shamba.

4.2 Usomaji wa Maafikiano: Waliorudi Kuifungua Kesi

Kundi la pili linaikubali hadithi kwa jumla lakini linaupinga uamuzi wake. Kundi hili limeandika vitabu. Juanita Carberry, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano wakati wa tukio, alimweleza Fox kwamba Broughton alikiri mbele yake. Kwake yeye, shaka ya mahakama haikuwa na msingi. Errol Trzebinski, katika kitabu cha mwaka 2000, alidai kwamba Erroll aliuawa na idara ya ujasusi ya Uingereza, akizingatia kwamba marehemu aliwahi kujiunga na chama cha kifashisti cha Uingereza mwaka 1934 na kwamba alijua mengi wakati wa vita. Paul Spicer, mwaka 2010, alimnyooshea kidole Alice de Janzé, mpenzi wa zamani wa Erroll aliyejiua mwezi Septemba 1941.

Watuhumiwa watatu, na kila mmoja ana mtetezi wa nadharia yake. Inafaa kuangalia kinachowaunganisha watetezi hao: wote wanakubali kwamba swali kuu ni nani alikuwa na bastola. Hawaulizi kwa nini ushahidi wa eneo la tukio haukuhifadhiwa ipasavyo, wala kwa nini wafanyakazi wa nyumbani, ambao huona kila mlango unaofunguliwa na kufungwa, wamebaki pembeni mwa masimulizi. Usomaji wa maafikiano unabishana na jibu tu, si na swali.

4.3 Usomaji Pinzani: Juri la Nani?

Usomaji wa tatu unatoka kwa watazamaji wa Afrika Mashariki wanaoikumbuka Kenya ya kikoloni kutoka upande wa pili wa uzio. Kwa mtazamaji huyu, mhusika muhimu wa filamu ni yule asiyezungumza: mpishi, dereva, mtunza bustani, na wale watu wawili wa lori la maziwa walioikuta maiti na kisha wakatoweka katika hadithi.

Pingamizi hili si la hisia pekee. Lina ushahidi wa kisheria. Katika Kenya ya kikoloni, haki ya kuhukumiwa na juri ilikuwa ya Wazungu, na juri lenyewe lilikuwa la Wazungu. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji alisimama mbele ya jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao ushauri wao haukumfunga jaji. Mwaka 1923 mlowezi Jasper Abraham alimchapa mfanyakazi wake Kitosch hadi kufa. Mahakamani ilitolewa hoja kwamba marehemu alikuwa na nia ya kufa. Juri la Wazungu lilimwona mshtakiwa na kosa dogo kuliko mauaji, naye akafungwa miaka miwili. Haikuwa hadi mwaka 1960 ambapo Mzungu, Peter Poole, alinyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika.

Anayeijua historia hii haoni mwujiza katika kuachiwa kwa Broughton. Kwake, hoja ya mifuo ya mtutu ni ya kweli na ya kitaalamu, lakini anajiuliza ni washtakiwa wangapi wa Kiafrika waliopata wakili wa kuihesabu mifuo hiyo. Kipimo cha uthibitisho kisichoacha shaka, ambacho ndicho roho ya haki ya jinai, kilifanya kazi ipasavyo katika kesi ya Broughton. Uchungu wa usomaji pinzani ni kwamba kilifanya kazi kwa mmoja.

Usomaji huu ulipata nguvu mpya baada ya mwaka 2006. Baada ya kuachiwa kwa Broughton na kifo chake, Diana aliolewa tena, na mwaka 1955 akawa mke wa Baron Delamere wa nne. Mjukuu wa Delamere huyo kwa ndoa nyingine, Thomas Cholmondeley, alimpiga risasi mwashi Robert Njoya katika shamba la familia mwaka 2006. Mwaka 2009 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na kufungwa miezi minane. Vyombo vya habari vya nchi za nje viliirejea White Mischief tena na tena vilipoiripoti kesi hiyo. Hapo filamu ilifanya jambo ambalo mtayarishaji hakulikusudia: iligeuka kuwa kioo cha kesi nyingine, na msiba wa familia ya mwashi ukasimuliwa kama tanbihi ya hadithi ya mabwana.

5.0 Mtazamaji wa Juba

Mtazamaji wa Juba si nakala ya mtazamaji wa Nairobi. Ana sheria yake, misiba yake na njia zake za kuitazama filamu. Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa.

La kwanza ni nafasi ya ndugu wa marehemu. Kifungu cha 206 cha Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Sudan Kusini ya mwaka 2008 kinaruhusu ndugu wa karibu wa marehemu kuchagua fidia ya damu ya kimila, na mahakama inaweza kuitoa badala ya adhabu ya kifo, pamoja na kifungo kisichozidi miaka kumi. Kiswahili kina neno la kale kwa malipo haya, dia, lenye asili moja na neno la Kiarabu linalotumika Juba. Anayetazama White Mischief akiwa na dhana ya dia kichwani atagundua pengo ambalo wasomaji wa aina zote tatu hawakuligusa: hakuna mfiwa. Erroll aliacha binti wa miaka kumi na mitano, aliyerithi cheo chake, lakini binti huyo hana uzito wowote katika hadithi. Kesi ni baina ya Mfalme na mshtakiwa. Baada ya hukumu, kila mtu anakwenda zake. Kwa mila zinazohesabu mauaji kuwa deni baina ya koo, hukumu ya namna hiyo inaliacha deni mahali pake.

Haifai kuipamba dia kupita kiasi. Inamhitaji muuaji anayejulikana. Haina jibu kwa maiti iliyokutwa barabarani alfajiri. Inaweza pia kuwapa wenye ng'ombe wengi njia ya kununua amani, na kuwaacha wajane na mabinti nje ya mazungumzo ya wazee. Lakini inauliza swali ambalo filamu ya uhalifu wa kweli hulikwepa: ni nani anayedai kwa niaba ya aliyekufa?

La pili ni uzoefu wa kuwa nyuma ya mtu wa mbele. Filamu ya Machine Gun Preacher ya Marc Forster (2011), iliyotokana na kumbukumbu za Mmarekani Sam Childers zilizochapishwa mwaka 2009, inahusu utekaji wa watoto uliofanywa na Lord's Resistance Army na kituo cha yatima huko Nimule. Uhalifu ni wa kweli na waliotendewa ni watu wa nchi hii. Hata hivyo, roho inayookolewa katika filamu ni ya mgeni. Miaka ishirini na minne inazitenganisha filamu hizi mbili, lakini kamera zake zimesimama mahali pamoja.

La tatu ni lugha. Katika kanda hii filamu za kigeni mara nyingi hazitazamwi bila msimulizi. Marehemu Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya na VJ Jingo nchini Uganda wamejenga sanaa ya kuitia filamu maneno mapya, kuwatania wahusika na kuwaonya watazamaji. Msimulizi wa namna hii ni msomaji pinzani aliyepewa kipaza sauti. Anaweza kumsimamisha mpishi asiyezungumza na kumpa sentensi. Wengi waliorejea Juba kutoka Kakuma, Nairobi na Kampala wameizoea sanaa hiyo, nao ni daraja la Kiswahili ambalo sera za lugha bado hazijalitumia vya kutosha.

6.0 Kwa Nini Jambo Hili Ni la Sera

Mshauri wa sera anaweza kuuliza: filamu ya walowezi ina uzito gani kwa nchi yenye mahitaji makubwa? Jibu liko katika Mkataba wa Amani wa mwaka 2018, ambao uliurudia mpango wa mwaka 2015 wa kuunda Mahakama Mseto ya kushughulikia jinai za vita, pamoja na tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji. Mahakama hiyo haijaanza kazi. Pale mahakama inapochelewa, masimulizi hayangoji. Watu husimuliana nani aliua, na siku moja mtu mwenye kamera atakuja kuyachukua masimulizi hayo. Kesi ya Erroll inaonesha kitakachofuata: jibu la kuvutia litachukua nafasi ya jibu lililothibitishwa, na baada ya miaka arobaini na zaidi itakuwa vigumu kuyatenganisha.

Sudan Kusini tayari ina watengenezaji wa filamu wanaosimulia kutoka ndani. No Simple Way Home ya Akuol de Mabior (2022) inaiangalia nchi kupitia familia ya mwongozaji mwenyewe, mjane na mabinti wakiwa katikati ya picha. Juba ina tamasha lake la filamu na ina Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron. Hapakosekani mahali pa kukutana. Kinachohitajika ni utaratibu.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba maoni kuhusu White Mischief hayatofautiani kwa sababu watazamaji wengine ni makini na wengine si makini. Yanatofautiana kwa sababu kila kundi linaleta ukumbini orodha yake ya maiti. Kwa kuzingatia hilo, makala inapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kumbukumbu za mahakama na za vikao vya machifu zihifadhiwe na kufunguliwa kwa watafiti kwa masharti. Fox aliweza kubishana na hukumu kwa sababu mwenendo wa kesi uliandikwa. Pasipo maandishi, filamu haina wa kuisahihisha.

Pili, miongozo ya kutoa vibali vya filamu zinazohusu mauaji halisi iwatake watayarishaji wawasikilize ndugu wa marehemu kabla ya kupiga picha. Kusikiliza si kuwapa ndugu mamlaka ya kuizuia filamu; ni kuhakikisha kwamba mfiwa hatoweki.

Tatu, vyuo na vituo vya utamaduni viandae maonesho yenye mjadala, huku filamu za kanda zikiwekewa tafsiri au usimulizi wa Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Wasimulizi wa filamu washirikishwe kama wataalamu, wasichukuliwe kuwa watumbuizaji tu.

Nne, mafunzo ya waandishi wa habari na wa filamu yafundishe tofauti baina ya kuachiwa huru, kutokuwa na hatia na kutojulikana kwa muuaji. Broughton aliachiwa huru, filamu ilimhukumu, waandishi wengine wakamwondolea lawama. Hali hizo tatu si kitu kimoja, na katika mji ambamo jina la ukoo linaweza kutosha kumfanya mtu ashukiwe, kuzichanganya ni hatari.

Wale watu wawili waliosimamisha lori la maziwa alfajiri ile ndio waliokuwa mashahidi wa kwanza. Filamu haikuwauliza waliona nini. Watakaosimulia misiba ya Juba wana nafasi ya kuanza na swali hilo.